Nusu ya Utepe

“Mkono,” alisema fundi bila kuinua kichwa.

“Wangu au wa mtoto?”

“Wa mtoto kwanza, halafu wako.”

“Dada yangu, nina haraka, na huyu nimemzaa mwenyewe. Nikimwona nitamjua tu.”

“Wewe utamjua, sikatai. Mimi je?”

Hapo ndipo alipoinua kichwa, na kama asingeinua, hadithi hii isingekuwapo. Mbele ya meza yake alisimama mwanamume mrefu aliyevaa shati jeupe lenye matone ya rangi kila mahali, nyekundu begani, kijani kifuani, bluu kwenye vikono. Alikuwa na macho ya mtu anayetafuta sababu ya kucheka. Kando yake binti wa miaka sita, gauni la rangi ya machungwa na viatu vyekundu, alikuwa ameshanyoosha mkono zamani. Alikuwa na alama nyeusi kidevuni, na kwa alama hiyo mji mzima ulimwita Kidoti.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwenye lango la bustani ya ufukweni. Foleni ilifika barabarani. Watu wa mji ule walikuwa wamekubaliana kwamba Jumamosi ni siku ya watoto, na wakikubaliana jambo hawalifanyi nusunusu. Kulikuwa na mashindano ya vishada, mbio za magunia, mzee wa vikaragosi, dada wa kuchora nyuso, na kona ya maji mafupi iliyozungushiwa kamba kwa wanaojifunza kuogelea. Na langoni kulikuwa na fundi cherehani, gauni la kijani alilojishonea lenye mifuko miwili mikubwa, futi ya kupimia shingoni. Watoto walimwita Shangazi Utepe.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila mtoto alikatiwa utepe kutoka kwenye mabaki ya nguo, kisha utepe ule ukakatwa katikati kwa mkato wa kupindapinda, kila mara mkato mpya. Nusu ilifungwa mkononi mwa mtoto, nusu mkononi mwa mkubwa aliyemleta, na namba ya simu ikaandikwa daftarini. Wakati wa kutoka, kingo mbili ziliunganishwa. Zikikubaliana, mtoto anatoka. Zikikataa, hatoki hata kama analia anamwita mtu huyo mama.

“Nyuso usiziangalie,” alikuwa akimwambia nesi mstaafu aliyemsaidia langoni. “Uso hudanganya. Kitambaa hakidanganyi.”

“Haya, askari,” nesi alikuwa akijibu, na kuendelea kuangalia nyuso.

Ukali huo haukuwa ukali. Ulikuwa woga, na woga wenyewe ulikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Alipokuwa na miaka kumi, mama yake alimwambia amshike mkono mdogo wake pale pale ufukweni, asimwachie. Akamwachia, afunge kiatu tu. Aliponyanyuka mtoto hayupo. Kwa muda wa saa sita walimtafuta, na kwa saa hizo sita yeye alisimama mahali pale pale akiyatazama maji, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke. Mtoto alipatikana jioni amelala usingizi wa pono nyuma ya viti vya kukodisha. Leo mtoto huyo ni mwokaji mikate mwenye mabega ya mlango, wanamwita Bonge, na kisa hicho anakisimulia watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

“Dada,” alipenda kumtania, “mimi nilipotea siku moja tu. Wewe hujapatikana mpaka leo.”

Yeye hacheki. Tangu siku ile hakutia mguu baharini. Kila simu ikilia, kabla hajapokea, moyo humwambia: kuna mtu amepotea. Watu walidhani anapenda watoto, na ni kweli aliwapenda, lakini aliwaogopea zaidi ya alivyowapenda.

Basi mwanamume yule akanyoosha mkono, akafungwa nusu yake, akaingia. Saa kumi jioni alirudi langoni na Kidoti begani, na mkono wake mtupu.

“Utepe uko wapi?”

“Aa.” Akautazama mkono wake. “Ulikuwa hapa.”

“Basi mtoto anabaki hapa.”

“Fundi, unanitania.”

“Nikitania hucheka.”

“Kidoti, mwambie mimi ni nani.”

Kidoti akamtazama baba yake kwa muda, akamgeukia fundi. “Simjui huyu,” alisema, halafu akaangua kicheko mpaka kwikwi ikamshika.

Foleni nzima ikacheka. Fundi peke yake hakucheka, aliinuka akasimama katikati ya lango, mikono ameitanua. Mwanamume akaona kwamba hatanii. Akaacha mzaha, akamshusha binti yake, akarudi ndani. Alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na siku ile alikuwa amejitolea kuchora samaki kwenye ukuta wa vikaragosi. Aliutafuta utepe kwa muda wa saa nzima, akaukuta umegandia kwenye mfuniko wa kopo la rangi. Fundi akaunganisha kingo. Zikakubaliana.

“Sasa ni wako,” alisema.

“Asante kwa kuninyima mwanangu,” alisema mchoraji, na kwa sauti yake ilijulikana kwamba hakuwa akifanya mzaha. “Hakuna aliyewahi kumlinda hivyo.”

Jumatatu simu ya fundi ililia akiwa kwenye cherehani. Moyo ukamruka.

“Nani amepotea?” aliuliza.

“Mimi,” ilisema sauti. “Nauliza kama kuna utepe wa watu wazima.”

“Baba Kidoti! Umepata wapi namba yangu?”

“Wewe unayo yangu kwenye daftari, mimi nisiwe na yako? Nesi amenipa. Tena bila kumwomba.”

“Nesi nitamshona mdomo.”

“Mshone Jumanne. Leo nataka kukuuliza unapenda rangi gani.”

“Ya nini?”

“Nikijua nitajua niipake wapi.”

Ndivyo yalivyoanza. Simu za Jumatatu zikawa za kila siku, na Jumamosi zikawa na ladha nyingine. Mchoraji alikuwa akifika wa kwanza langoni, shati limepigwa pasi ingawa matone ya rangi hayakutoka, anamletea chai kwenye chupa, anauliza, “Mpenzi, leo utanifunga au utanifungua?” Naye anamjibu, “Nyamaza, watoto wanasikia.” Kidoti alikaa chini ya meza akicheza mchezo aliojifunza, kukata makaratasi na kuunganisha kingo. Mkasi wa kitambaa tu ndio aliokatazwa. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mchoraji alilisema hilo mara moja, kwa maneno machache, akabadilisha mazungumzo.

Watu wakaanza kuwatabiria. Bonge akajitolea kuoka keki kabla hata hajaombwa. Fundi alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtia hofu kuliko kitu chochote. Zamani alikuwa na mtu mmoja wa kumpoteza, naye ni mnene na anaonekana toka mbali. Sasa walikuwa watatu, na mmoja wao mdogo sana.

Jumamosi ya kumi mchoraji alifika na ngazi juu ya gari la kukodi.

“Moyo wangu, nina bango la duka la vioo, linafunguliwa leo mchana. Nikae na Kidoti juu ya ngazi, au akae na wewe?”

“Na mimi vipi?”

“Wewe ushike nusu yangu.”

Fundi aliutazama mkono wake mtupu. Mwaka wa saba sasa alikuwa akizifunga nusu hizo kwenye mikono ya watu wengine, hakuwahi kufungwa hata moja. Alitaka kusema hapana. Alitaka kusema, mimi nikimshika mtu huwa namwachia. Lakini mchoraji alikuwa ameshachagua utepe, wa bluu wenye maua meupe, na Kidoti anarukaruka akiimba, “Leo mimi ni wa Shangazi! Leo mimi ni wa Shangazi!”

“Haya,” alisema, akaukata utepe, akafunga nusu mkononi mwa Kidoti na nusu mkononi mwake. “Nenda. Usichelewe.”

Kuanzia hapo hakunywa chai wala maji. Kila alipofunga mkono mmoja aliinua macho kutafuta gauni la machungwa. Liko kwenye magunia. Liko kwa vikaragosi. Sasa liko kwenye kivuli cha mti, Kidoti ananong’onezana na msichana wa kwaya.

Kwaya ya watoto ilikuwa na watoto kumi na mmoja, wote fulana za njano na kofia za njano zilizowafika machoni. Mwalimu wao alibeba nusu zao kumi na moja kwenye pete ya funguo. Saa sita kasoro walijipanga langoni kuondoka, basi dogo linawasubiri, dereva anapiga honi.

“Haraka, fundi, tuna mazoezi,” alisema mwalimu.

Fundi akainama. Mkono, nusu, kingo, sawa. Mkono, nusu, kingo, sawa. Mikono midogo ilimjia mmoja mmoja kutoka kwenye vikono vya njano. Wa saba ulikuwa na rangi ya bluu kwenye ukucha wa kidole gumba. Alikiona kidole hicho, akatabasamu bila kujua kwa nini, akaunganisha kingo. Zikakubaliana. Akasema, “Pita.” Wakapita wote kumi na mmoja, basi likaondoka.

Alipoinua macho, gauni la machungwa hakuliona.

Alisubiri kidogo. Akatazama kwenye magunia, kwa vikaragosi, chini ya mti. Akamwachia nesi meza bila neno. Kwanza alitembea, kisha alitembea haraka, kisha akawa anakimbia, na gauni la kijani linamnasa miguuni. “Mmemwona Kidoti? Mmemwona Kidoti?” Kila mtu alikuwa amemwona, kila mtu mahali tofauti. Akafika ukingoni mwa maji, hatua chache nje ya kamba, na pale mchangani akaviona viatu viwili vyekundu vimewekwa vizuri kando kwa kando.

Hakupiga kelele. Aliingia majini.

Aliingia na viatu vyake, na futi yake shingoni, maji ya magoti, maji ya mapaja, mtu ambaye kwa miaka ishirini na mitano hakuwahi kulowesha hata kisigino. Mlinzi wa waogeleaji akapuliza filimbi mara tatu. Mji ule unaijua filimbi ya tatu. Mzee wa vikaragosi aliacha vikaragosi, wauza vinywaji wakaacha makasha, akina baba wakaachia vishada vikaenda na upepo. Wakashikana mikono wakawa mstari mmoja mrefu, wakaingia baharini wakikanyaga polepole, kila mmoja akipapasa chini kwa miguu. Fundi alishikwa mkono huku na huku. Kila alipogusa kitu kwa mguu, jiwe, jani, mfuko, roho ilimtoka ikarudi.

Simu ikalia. Ilikuwa kwenye mfuko mdogo wa kifuani, maji hayajaufikia. Nesi, aliyekuwa amefunga lango akamfuata, alimwachia mkono ili apokee.

“Kipenzi!” Mchoraji alikuwa na furaha, upepo unavuma kwenye simu. “Niko juu ya ngazi, naona mpaka kwenu. Herufi ya mwisho imebaki. Mwanangu anafanya nini?”

Hapa mtu anaweza kusema, mimi ningesema ukweli. Labda. Lakini mtu huyo hajasimama kwenye maji ya kiuno, viatu vya mtoto vimebaki mchangani nyuma yake. Fundi alimwona kwa macho ya moyo mwanamume yule juu ya ngazi, na akaona jinsi ambavyo angeanguka.

“Yuko hapa,” alisema. “Anacheza.”

“Mbona nasikia filimbi?”

“Michezo,” alisema fundi, akakata simu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya fundi haikufika hata hatua ishirini. Mstari wa watu ulikuwa umeshageuka kurudi ufukweni alipoliona gauni la machungwa. Lilikuwa limesimama mchangani, mgongo kwake, linawatazama watu wa upande wa pili wa mstari. Alitoka majini akikimbia, akaanguka, akanyanyuka, akamkumbatia mtoto kwa nyuma kwa nguvu zote.

“Kidoti! Kidoti wangu!”

Mtoto akageuka. Uso wake ulikuwa wa paka, mweupe wote, na sharubu nyeusi mpaka masikioni.

Fundi aliushika mkono wa mtoto, akaleta utepe wake. Bluu, maua meupe. Kingo zilikubaliana bila kasoro. Lakini macho yaliyomtazama kutoka kwenye uso wa paka hayakuwa macho ya Kidoti, na hofu aliyokuwa nayo majini ilikuwa ndogo mbele ya hii.

“Wewe ni nani?”

“Mimi ni wa kwaya,” alisema paka. “Sipendi kuimba. Yeye alitaka kuona kinanda chetu kikubwa, tukabadilishana. Nguo na utepe na viatu. Viatu vyake vinanibana, nimevivua pale. Mnatafuta nini majini?”

Mkono wa saba. Rangi ya bluu kwenye ukucha. Fundi alikaa chini mchangani. Alikuwa ameushika mkono wa Kidoti kwa mkono wake mwenyewe, akatazama kitambaa, akasema pita.

Nesi alileta daftari. Fundi akapiga namba ya mwalimu wa kwaya, vidole vikikosea mara mbili.

“Ninao wote, fundi,” alisema mwalimu. “Kumi na mmoja, nimehesabu kofia.”

“Wavue kofia.”

“Sasa hivi? Tuko katikati ya—”

“Mwalimu, nakuomba. Wavue kofia.”

Akasikia kinanda kikipigwa ovyo kwa mbali, halafu kikanyamaza. “Mungu wangu,” alisema mwalimu. “Fundi, huyu mwenye alama kidevuni ni wa nani?”

Alikuwa bado ameishika simu, analia kwa sauti bila aibu, alipoona viatu vyenye matone ya rangi vimesimama mbele yake. Mchoraji alikuwa anahema. Ngazi na makopo aliviacha dukani, na bango halina herufi ya mwisho.

“Mtoto yuko wapi?”

“Amepatikana. Yuko kwenye ukumbi wa kwaya, mzima kabisa, mpenzi, hana hata—”

“Amepatikana.” Alilirudia neno hilo polepole. “Kwa hiyo alipotea. Wakati ule unaniambia yuko hapa, anacheza, alikuwa wapi?”

“Sikujua.”

“Hukujua, ukaniambia anacheza.”

“Ulikuwa juu ya ngazi! Niliogopa.”

Mchoraji aliwatazama watu waliokuwa wakikamua nguo zao, akavitazama viatu vyekundu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

“Mama yake alipokuwa hospitali, mimi nilikuwa safarini,” alisema. “Nikampigia kaka yangu. Akaniambia, yuko hapa, amepumzika. Aliogopa nitafanya nini njiani. Nikanunua matunda anayoyapenda, nikapanda basi, nikasafiri mchana kutwa nimeyapakata. Nilipofika walikuwa wameshamfunika.” Akaviokota viatu vyekundu. “Kupotea kwa mtoto ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Hilo lingine siliwezi.”

Akaenda kumchukua binti yake.

Jumamosi iliyofuata hawakuja. Wala ya pili. Fundi alikaa langoni akifunga mikono, na sasa alimtazama kila mtoto usoni, mpaka wengine wakaona aibu. Simu haikulia. Alikuwa ameiogopa maisha yake yote ikilia, na sasa alijifunza kuna simu ya kuogopesha zaidi.

Wiki ya tatu Bonge aliingia chumba cha cherehani na mkate wa moto kwapani.

“Dada, utashona pindo hilo mara ngapi? Ni la nne hilo.”

“Niache.”

“Siku ile niliyopotea,” alisema Bonge, akakaa kwenye kigoda, kikalia kwa uzito wake, “unajua mimi nakumbuka nini? Sikumbuki kupotea, nilikuwa nimelala. Nakumbuka kuamka. Watu wote walikuwa wananiambia hakuna kitu, hakuna kitu, nyamaza. Wewe peke yako ulisema, nilikuachia mkono, niliogopa. Nikaacha kulia, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa. Nenda kamwambie hivyo yule bwana. Si ‘mpenzi nisamehe’. Hivyo.”

Fundi alimkuta mchoraji juu ya ngazi ile ile, anamalizia bango la duka la viatu. Alisimama chini akishikilia miguu ya ngazi.

“Usishuke,” alisema. “Ukishuka nitashindwa. Nina miaka thelathini na mitano na naogopa kila kitu. Nilimwachia mdogo wangu hapo ufukweni nikiwa na miaka kumi, na tangu hapo nahesabu watu. Siku ile niliona utaanguka. Lakini si hilo tu. Niliona utaniacha, nikaona bora nipate dakika kumi zaidi za kuwa mpenzi wako. Ndiyo maana nilisema uongo. Nimemaliza.”

Brashi ilikuwa imesimama hewani. Tone la rangi nyekundu likadondoka, likampata fundi begani, kwenye gauni la kijani.

“Nimekuharibia nguo,” alisema mchoraji.

“Naona.”

Akairudisha brashi kwenye bango. Fundi akaiachia ngazi, akaondoka.

Jumamosi ya nne, saa tatu asubuhi, alikuwa ameinama anaandika daftarini aliposikia: “Mkono wa mtoto kwanza, halafu wangu?”

Shati jeupe, limepigwa pasi. Gauni la machungwa. Fundi alifunga utepe wa Kidoti. Alipochukua nusu ya pili, mchoraji hakunyoosha mkono.

“Shika wewe,” alisema. “Ukuta wangu wa samaki haujaisha.”

“Baba Kidoti, hapana. Nakuomba.”

“Shika.”

Akaenda. Fundi akaifunga nusu ile mkononi mwake, na woga wote ukarudi mahali pake pa zamani, chini ya mbavu. Kwaya ikaja, mkono, nusu, kofia juu, uso. Akina baba, akina mama, mabibi. Kidoti alikuwa hapo kwenye magunia. Kidoti alikuwa hapo kwenye vishada. Simu ikalia.

“Yuko wapi mwanangu?” aliuliza mchoraji.

Fundi akainua macho. Magunia, vishada, mti. Bahari ilikuwa imetulia inang’aa. Gauni la machungwa halikuwapo popote. Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi, lina nusu ya pumzi tu: yuko hapa.

“Simwoni,” alisema. “Nilimwona kwenye vishada sasa hivi, na sasa simwoni. Sijui yuko wapi. Naogopa. Njoo.”

“Nakuja,” alisema mchoraji, na simu haikukatwa. Alisikia kopo likianguka, akasikia nyayo zake zikikimbia, na pumzi zake. “Nakuja. Usikate. Na mimi naogopa. Ongea na mimi.”

“Nesi ameenda kwenye maji. Mimi nazunguka meza. Hayuko kwenye foleni. Hayuko—”

Akasikiliza. Chini ya meza, nyuma ya kitambaa kilichoning’inia mpaka chini, kulikuwa na mlio anaoufahamu kuliko milio yote: kri, kri, kri.

Akainua kitambaa. Kidoti alikuwa amekaa amekunja miguu, ulimi nje kwa bidii, mkasi aliokatazwa mkononi. Mapajani mwake kulikuwa na utepe mrefu wa kijani, uliokatwa kutoka kwenye mabaki ya kitambaa cha lile gauni la fundi.

“Usinigombeze, Shangazi,” alisema haraka. “Bado kidogo.”

Mchoraji alifika, simu bado sikioni, akapiga magoti karibu na fundi. Wote wawili walikuwa wanahema. Kidoti ndiye aliyewaeleza. Alikuwa amekata utepe vipande vitatu badala ya viwili.

“Hiki cha baba, hiki changu, hiki chako. Vinaungana vyote.”

Fundi alivichukua vipande, kwa mazoea tu, akavilaza juu ya nyasi, akaleta kingo pamoja. Hazikukubaliana. Kipande cha kati kilikuwa kimekatwa vibaya, upande mmoja kiliacha pengo la kidole kizima.

“Nimekosea?” Kidoti aliuliza, na mdomo ukaanza kumcheza.

Mchoraji hakumtazama binti yake. Alikuwa anamtazama fundi, na mkono wake wenye rangi ya bluu ulikuwa umeshaushika mkono wa fundi.

“Wewe ndiye fundi,” alisema. “Hii inaweza kushonwa? Nauliza ya maisha, si ya leo.”

Fundi alilitazama pengo, akamtazama mtoto usoni, akamtazama baba yake.

“Naogopa,” alisema.

“Najua. Inaweza?”

Akaingiza mkono kwenye mfuko mkubwa wa gauni, akatoa sindano iliyokuwa tayari na uzi.

“Inaweza,” alisema. “Sogeeni karibu.”